Hodi Kanisani

Miezi mitano baada ya kumaliza eda, mama alikuwa bado analala chumba kimoja na binti yangu, na nyumba yake ya Sidab imefungwa. Kaka yangu alitaka ipangishwe. Mimi nilikataa katakata. Nyumba aliyoijenga marehemu baba, yenye mdimu alioupanda mama mwenyewe uani, iweje waingie wageni? Lakini kila nilipomuuliza mama kwa nini harudi kwake, jibu lilikuwa lile lile: "Ntakwenda, mwanangu. Niache kwanza." Nilikasirika, na mimi nikikasirika husema. Nilisema mengi.

Ndipo nikamchukua mama safari ya kisiwani Sisilia. Nilijidai namtembeza, kumbe namtafutia mahali pa kumbana, mbali na Muscat na mbali na kaka yangu.

Asubuhi moja tulipanda hadi kanisa kuu la kale lililo juu ya mlima. Watalii walikuwa hawajafika. Njiani nilimweleza kwamba wafalme wa Kikristo walilijenga kwa mikono ya mafundi wa kila aina: matao ya Kiarabu, nguzo za Kirumi, kuta zilizofunikwa vijiwe vya dhahabu kwa ufundi wa Kigiriki. Alisikiliza kwa adabu tu.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na giza, na ndani ya giza dhahabu iliwaka na kufifia kila wingu lilipopita. Mama akavua viatu, akasimama kizingitini, akaita:

"Hodi!"

Nilicheka. "Mama, hapa si kwa jirani."

Hakunisikia. Alikuwa na macho ya mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto. "Hodi!"

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako. Na mama yangu namjua, angegeuka kweli. Nikampita mbio, nikaingia mpaka katikati ya kanisa, nikaitika, "Karibu!" Sauti ikapanda darini, ikazunguka huko juu, ikashuka nzito, si yangu tena.

Mama akaingia taratibu, viatu mkononi, akaketi kwenye benchi. Juu yetu Nabii Issa alitutazama kutoka ukutani, mkubwa kuliko nyumba, mama akanong'ona, "Alayhi salaam." Mwanga ukawa unatembea juu ya vijiwe, ukiamsha malaika mmoja na kumlaza mwengine. Sijui tulikaa muda gani. Nilisahau hata kwa nini nilimleta.

"Siku nlotoka eda," akasema ghafla, "nlikwenda Matrah kununua samaki. Nliporudi nkapiga hodi, kama siku zote. Nyumba yangu mwenyewe, nna ufunguo, lakini baba yako akipenda kuitika." Akajifuta uso kwa mtandio. "Nkapiga ya pili. Nkapiga ya tatu. Hakuna aloitika. Nkageuka, nkaja kwako."

Naikumbuka jioni ile. Alisimama mlangoni kwangu na mfuko wa samaki, nami nikamgombeza kwa kuzunguka nao mjini kwenye joto lote lile. Niliona aibu.

Nikatoka nje, nikampigia kaka yangu, nikamwambia nyumba ya Sidab aipangishe.

"Mama kakubali?" akauliza.

"Nimekubali mimi."