Kufuli la Banda la Sungura

Sungura alikuwa wa marehemu mke wangu. Mke alipofariki nilibaki na sungura huyo hapa Segese, mzee kama mimi, jicho moja limeingia ukungu. Kiangazi kilipoanza nilimpapasa mgongo nikakuta mifupa. Wiki iliyofuata mifupa ilizidi kujitokeza. Mke wangu aliniomba jambo moja tu kabla hajafa, nimtunzie mnyama wake, na mnyama alikuwa ananiishia mikononi.

Aliyemlisha ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Mwanangu yuko machimboni Nyarugusu, anakuja mara mojamoja, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mke wake, na dada yangu mjane. Kwetu Wasukuma, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Hatukai benchi moja, hatutazamani usoni, na neno zito hupitishwa kwa mtu. Kwetu mtu huyo alikuwa dada.

Mimi nilisimamia duara, yaani shimo la dhahabu, kwa miaka mingi. Nilipekua kila aliyetoka chini: mifuko, soksi, nywele, hata mdomo. Kazi ile ilinizoesha kumwona kila mtu ni mwizi ambaye bado hajakamatwa. Kazi niliiacha, mazoea yakabaki.

Basi nikaanza kupeleleza. Nilichora mstari wa mkaa ndani ya ndoo ya pumba. Pumba zilishuka kila siku, na sungura akazidi kukonda. Kuku wa mkwe ndio walionenepa. Nikahamishia kiti changu karibu na jiko, nikaweka redio sikioni bila kuiwasha. Siku ya tatu nilimwona akitoa bakuli bandani. Akatazama huku na huku, akawamwagia kuku.

"Kamwambie chakula cha sungura si cha kuku," nikamwagiza dada.

"Kaka, wachimbaji wamekuishia, sasa unapekua kuku?"

"Kamwambie."

"Nitamwambia. Lakini yule mnyama amezeeka. Na wewe mwenyewe umekonda, nani anakuibia?"

Sikucheka. Nilinunua kufuli, nikafunga banda, ufunguo nikauvaa shingoni. Nikamlisha mwenyewe michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, vigumu kama vigae. Ndicho chakula mke wangu alichompa zamani. Sungura alikuja, akanusa, akageuka. Kila asubuhi nilikuta bakuli limejaa. Hata hapo sikujishuku. Nilinusa maji yake, nikamwaga, nikachota mengine mwenyewe kisimani, nikidhani ametiliwa kitu.

Siku ya nne kidevu chake kilikuwa kimelowa mate na miguu haikumbeba tena. Nikamtia kikapuni, nikapanda bodaboda hadi kwa bwana mifugo. Alimfungua mdomo kwa kidole.

"Mzee, sogea uone."

Meno ya nyuma yalikuwa yameota upande, ncha zake zimechimba ulimi.

"Huyu hajatafuna kwa siku nyingi," akasema. "Kama amefika leo, kuna mtu anampa uji. Ni nani?"

Akapunguza yale meno aliyoweza kuyafikia, akaniambia yataota tena, nimpe vitu laini.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza dada kama mkwe alikuwa anampa sungura uji.

"Ndiyo, uji wa pumba, kwa kijiko," akasema. "Na matembele anayatwanga kinuni. Kilichobaki kikichacha ndicho anawapa kuku. Aliniambia mdomo wa sungura una vidonda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinituma kupeleka maneno, kaka. Hukunituma kurudisha jibu. Na ningekuambia, ungeamini?"

Nisingeamini. Nilikuwa nimemfungia nje mtu pekee aliyekuwa akimlisha, na heshima ilimzuia kunijia kuniambia.

Safari hii sikumtuma dada. Nilikwenda na kikapu cha sungura hadi mlango wa jiko, nikakitua, nikasimama nje nimeelekea ukuta.

"Mwanangu, nimekukosea. Nilikufanya mwizi."

Mwiko ulisimama chunguni.

"Haina neno, baba."

Ndivyo mkwe yeyote angejibu, hata kama kifua kinamuwaka. Nilisikiliza sauti yake nikitafuta hasira, nikajiona sijakoma bado kupekua.

Akatoka na bakuli na kijiko, akachutama ng'ambo ya kikapu, uso ameuelekeza pembeni.

"Baba, mshike kichwa."

Nikakishika. Hatukuwahi kukaribiana vile. Sungura akalamba kijiko cha kwanza, akameza cha pili, cha tatu akakiacha kitiririke kwenye mikono yangu. Mkwe akaifuta kwa pindo la kanga, bila kunitazama.

Sungura aliishi hadi mvua za kwanza. Zile siku nne za kufuli sijui zilimpunguzia kiasi gani. Nadhani mkwe anajua, kwa maana ndiye aliyemzoea. Hajasema, na mimi sina haki ya kumtuma mtu kumuuliza.