Baba Hajala

Mama mkwe wangu anaamini kwamba kumpa mgeni ugali ni kumtukana. Ugali, kwake, ni chakula cha wapangaji, na wapangaji anao tele kwenye ploti yake hapa Kawangware. Mgeni wa heshima hupikiwa mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, wali na kuku, na hulishwa mpaka aombe msamaha.

Baba yangu naye ni mtu wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, na kwake ugali ndio chakula. Vingine vyote ni vitafunio. Mpe pilau, mpe chapati. Atakula kwa adabu, amalize, kisha atakaa kusubiri chakula.

Wawili hao walikutana Jumanne moja jioni. Baba alikuwa amemaliza kazi ya mabomba mtaa wa jirani, akapita kuiona nyumba niliyoolewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na nilijua amekuja kukagua nini. Shangazi zangu, walionililia kama maiti nilipoolewa na mtu wa kabila lingine, wangemuuliza swali moja tu: binti yetu anakula? Nilitaka awapelekee jibu la kuwanyamazisha. Nililitaka kwa moyo wangu wote.

Mama mkwe alijitahidi, hilo siwezi kumnyima. Alitoa zile sahani zenye maua ambazo mimi siruhusiwi hata kuziosha. Baba akala mukimo. Akaongezwa, akala tena. Akapangusa mdomo, akanigeukia kwa upole wa mtu aliyevumilia vya kutosha.

"Nyathina, mtoto wangu, sasa chakula iko karibu, ama niende kabla giza iingie?"

Mama mkwe alinivuta hadi jikoni. "Kwani hajashiba?"

"Ameshiba," nikamwambia. "Ila hajala."

Nikaweka sufuria ya maji mekoni. Kwenye friji palikuwa na sosej tu, basi nikazikata vipande, nikazikaanga mpaka zikaanza kuungua kidogo pembeni. Nikatia kitunguu na nyanya, kisha sukuma wiki niliyokuwa nimekwisha kuikata. Mpaka hapo hata mtoto angeweza. Kazi ilikuwa kwenye ugali. Mama mkwe husonga ugali laini unaofaa mtu asiye na meno. Mimi niliongeza unga, nikaukandamiza kwa mwiko mpaka mabega yakauma.

"Sosej na ugali, jioni, kwa mkwe?" akasema nyuma yangu. "Wee! Sosej ni ya chai ya asubuhi. Atasema tumemdharau."

"Acha aseme, mama."

Nilipougeuza, ugali ulisimama juu ya sahani bila kutikisika. Nikainama kunawa mikono. Niliponyanyuka, sahani haikuwepo. Mama mkwe alikuwa ameibeba mwenyewe hadi sebuleni, na nikamsikia akisema kwa sauti tamu ambayo mimi sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu: "Karibu ugali, baba. Pole kwa kungoja."

Baba alikula kama mtu aliyetoka safari. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akazoa sukuma na kipande cha sosej, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nilifurahi kumtazama, nikasahau kukasirika. Lakini sikusahau kwa muda mrefu, kwa sababu pale mlangoni aliushika mkono wa mama mkwe kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, wewe unajua kusonga. Huyu wangu ugali yake haijawahi kushika hivi. Sasa naenda kuwaambia huko nyumbani, mtoto anakula poa. Wewe mfundishe tu."

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akanitupia jicho, kisha akamgeukia baba bila haya hata kidogo.

"Anajaribu," akasema. "Polepole atashika."

Jibu la shangazi zangu lilikuwa limeshapatikana, na lilikuwa limesimama mlangoni likivaa koti. Nikaufunga mdomo wangu. Nikamsindikiza baba hadi getini, nikarudi jikoni kuisugua sufuria ya ugali. Zile sahani zenye maua niliziacha palepale mezani. Hizo siruhusiwi.