Kipimo cha Kwenye Kigoda

Siku niliyoaibishwa na Mama Mutheu naikumbuka kuliko siku niliyovaa joho la digrii, na leo nafurahi kwamba aliniaibisha. Keti kwanza, mwanangu, nikueleze kabla hujaenda Kitui na hicho kifaa chako cha kupimia hewa.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Mhadhiri wetu alitutuma, wanafunzi wanne, kwenye mji mdogo wa soko upande wa Kilungu, tupime hewa tukishirikiana na wakazi. Kila asubuhi taka zilichomwa nyuma ya vibanda, na akina mama waliouza hapo walikohoa hadi machozi. Walitaka jaa lihamishwe. Ofisi ya soko ikasema italihamisha kipimo kikionyesha kwamba hewa ni mbaya.

Kifaa chetu kilikuwa pampu ndogo yenye karatasi nyeupe ya kuchuja. Pampu ikivuta hewa chafu, karatasi hubadilika rangi. Mimi, mjuaji, nikaifunga juu ya paa la ofisi isije ikaibiwa, tena mbali na moshi, eti moshi usiharibu kipimo! Cheka tu, mwanangu, hata mimi najicheka.

Baada ya siku tatu niliteremsha karatasi, nyeupe karibu kama ilivyopanda. Nikasoma ripoti kwa fahari kwenye mkutano wa wakazi na ofisi ya soko: hewa ni nzuri. Afisa wa soko akaanza kufunga faili. Ujinga wangu ulikuwa umewahukumu wale akina mama kubaki moshini.

Mama Mutheu, muuza uji, akasimama na mwiko mkononi.

"Wewe mwiitu, huko juu ya mabati nani anapumua? Ni ndege? Si ungeniuliza mimi nakaa wapi? Mtoto wangu nambeba hapa kwa mgongo, sio kwa paa!"

Mwiitu ni msichana tu kwa Kikamba, lakini alivyolitamka nilitamani ardhi inimeze. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimewatandikia watu chao bila hata kubisha hodi.

Niliomba wiki moja zaidi. Safari hii Mama Mutheu ndiye aliyechagua mahali: kando ya kigoda chake, kimo cha pua yake akiwa ameketi. Ndiye aliyebadilisha karatasi na kuandika saa ambayo taka ziliwashwa. Sisi wasomi tukawa wasaidizi wake.

Mkutano wa pili sikusoma chochote. Karatasi aliinyanyua mwenyewe. Nyeusi, mwanangu! Nyeusi kama tako la sufuria ya kupikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa.

"Hii ndio tunavuta," akasema.

Afisa akalifungua faili tena. Kabla ya mwezi kuisha jaa lilihamishwa, na soko zima likapiga vigelegele. Mimi nilivipiga hadi sauti ikakauka. Sijapata ushindi mwingine ulionifurahisha kama ule.

Basi shika neno langu. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Usiwapelekee watu majibu kabla hujawauliza swali, maana anayekohoa ndiye anayejua moshi unatoka wapi. Ukikosea mbele yao, rekebisha mbele yao, wala usione haya. Na utakapoandika ripoti, majina yao yatangulie lako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio mepesi na ulimi mzito, na popote utakapofanya kazi, watu wavute pumzi kwa raha.