Barua ya Mistari Minne

Habari ilinikuta kwenye foleni ya benki wiki iliyopita: yule bwana wa kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, cha Kibaigwa, aliyekuwa akitutafsiria filamu za kigeni kwa kipaza sauti, amefariki. Hatukuwa marafiki wa kualikana nyumbani. Nilipokuwa nikiishi kule nilikuwa mteja wake wa Jumamosi mchana, pamoja na walimu, madalali wa mahindi na watumishi wa serikali waliojidai wanapita tu.

Jumamosi moja alituwekea kichekesho cha nchi ya mbali iliyotawaliwa na dikteta. Familia yenye nafasi yake imetundika picha ya mtawala sebuleni. Wakitaka kumsengenya, mama huifunika kwa kitambaa cha meza, na mgeni akibisha hodi wote huikimbilia kuifunua. Marehemu hakutafsiri neno kwa neno. Baba wa familia alipoiongelesha ile picha, marehemu alimpa sauti ya mtumishi wa serikali wa kwetu: "Mheshimiwa, wazo lako ni zuri hata kabla hujalisema." Tulicheka mpaka machozi, isipokuwa ofisa mmoja wa mstari wa mbele, aliyesimama na kuuliza, "Hapo unamsema nani?" Marehemu akajibu, "Simsemi mtu, mzee. Huyu hata Kibaigwa haijui." Kibanda kizima kikatazama chini, nami nikajikuta nakagua simu isiyo na ujumbe.

Kibali chake kilipoisha, hakikutolewa kingine. Akatuzungukia wateja wake na barua ya kuomba kibanda kifunguliwe, akitaka sahihi kumi tu. Mwalimu mmoja alimwambia anamuunga mkono kimoyomoyo. Mimi, ninayewahubiria ujasiri katika safu hii, nilisema aniachie niisome kwa utulivu. Ilikuwa na mistari minne, na sikuwahi kuirudisha. Kibanda kikafungwa moja kwa moja, mwenyewe akaishia kupakia magunia kwenye malori.

Msibani tulijaa. Kila aliyepewa nafasi alisifu ujasiri wa marehemu, na mimi nilisema kuliko wote, kwa sauti nzuri kabisa. Mjane alisubiri nimalize, akaniuliza taratibu, "Shemeji, maneno yote haya mlikuwa mmeyaweka wapi?" Aibu ile bado ninayo. Msomaji wangu, mtu akikuletea barua ya kudai haki yake, itie sahihi angali amesimama mlangoni.