Ngoma Iliyopoa Ukumbini Ruangwa

Majina ya watu wote waliokuwamo ukumbini siku ile ninayo, na ya baba zao, na nani alikuwa amevaa viatu vya kuazima. Siyaandiki. Wengine bado wapo hai, na wana wajukuu wanaojua kusoma kuliko mimi niliyeishia darasa la nne.

Miaka ya elfu mbili ndiyo ilikuwa inaingia. Afisa utamaduni alitufuata kwetu Lionja tukiwa tunakung'uta ufuta. Akasema Ruangwa kutakuwa na semina ya fursa kwa wasanii wanaojitegemea, na wataalamu kutoka Dar es Salaam watachagua kikundi kimoja kwenda kwenye tamasha kubwa huko kwao. Tukamwuliza msanii anayejitegemea ni yupi. Akasema ni yule asiye na mtu nyuma yake. Basi tukaona ni sisi hasa, maana nyuma yetu kulikuwa na mikorosho tu.

Tulikuwa wanawake saba. Mimi napiga ngoma kubwa, na mke mwenzangu anaimba. Mume alikuwa mmoja, mimi wa kwanza, yeye wa pili. Tuligombana miaka kama kumi, tukachoka, ndipo tukaanza kucheza ngoma pamoja. Sauti yake ukiisikia upo shambani unasimamisha jembe. Ila meno yake ya mbele yalikuwa yameanza kulegea, na alitamka wazi mbele ya watu kwamba anataka kuimba Dar, redio imchukue, kabla mdomo haujaanza kuvuja upepo. Safari ile aliitaka kuliko sisi sote.

Tukapanda lori la ufuta, ngoma tumezipakata kama watoto wachanga.

Asiyejua ngoma za kwetu aelewe jambo moja. Ngozi haipigwi ikiwa baridi. Unawasha mabua na nyasi kavu, unaizungusha ngoma mbele ya moto, unaigonga kwa kidole, unasikiliza, mpaka ngozi ikaze. Ikipoa inalegea, na ukiipiga inatoa sauti ya godoro. Basi tulipofika asubuhi tukawasha moto nyuma ya ukumbi, tukazikanza ngoma zetu, zikaiva, tukaingia nazo tayari kupiga.

Hatukupiga. Mgeni rasmi alikuwa hajafika. Alipofika akahutubia. Akaja wa kumshukuru mgeni rasmi, halafu wa kumshukuru aliyeshukuru. Baada ya hapo akasimama mtaalamu, kijana mwenye tai, umri wa mwanangu wa mwisho. Msanii anayejitegemea, alisema, awe na katiba, mhuri, picha ya rangi, wasifu wa ukurasa mmoja, kanda ya mfano, na meneja wa kumsemea. Nikawaza, mbona huyu anayejitegemea anahitaji wasaidizi wengi kuliko bibi harusi. Mke mwenzangu akanyoosha mkono, akauliza sauti inaandikwa kwenye karatasi ipi kati ya hizo. Mtaalamu akasema ni swali zuri, akaliandika kwenye bango, akaendelea na mengine.

Ngoma zikapoa. Wakati wa chai tukatoka nazo, tukazikanza tena, tukarudi. Ikawa mada ya mtandao. Tukaambiwa kila mmoja amgeukie jirani asiyemjua, wafahamiane, wapeane anwani. Mimi nikamgeukia mzee wa Chunyu ambaye mdogo wake ameoa kwetu. Tukaulizana habari za msiba na za mihogo, na mtaalamu akapita akatupongeza kwa kujenga mtandao.

Ngoma zikapoa mara ya pili. Ndipo likatoka tangazo kwamba sasa vikundi vitaonyesha, dakika saba kila kimoja, sisi tukiwa wa tatu. Nikaigonga ngozi kwa kidole. Godoro. Nikasimama nitoke. Mke mwenzangu akanishika kanga.

"Bi mkubwa, leo tupige hivi hivi. Hawa wa Dar hawajui tofauti."

"Mimi naijua," nikamjibu.

Nikatoka, wenzangu wakanifuata, na yeye akafuata nyuma ananung'unika. Nje manyunyu yalikuwa yamelowesha mabua. Tukapuliza moshi mpaka macho yakavimba. Ngoma zilipoiva tukakimbia mlangoni, tukakuta tumeshaitwa mara tatu na kufutwa. Jukwaani alikuwepo kijana mmoja wa Nachingwea mjini. Ameweka kanda kwenye redio, ameshika maiki, anapanuapanua mdomo. Katikati kanda ikanaswa, sauti ikaburuzika kama ng'ombe anayekata roho, na mdomo wa kijana ukaendelea tu na wimbo. Wakamchagua yeye. Ana kanda, ana picha, hana mizigo.

Mke mwenzangu hakunitazama. Alirudi kwenye moto wetu, akasimama, akaanza kuimba. Ngoma ilikuwa ya moto mikononi mwangu, ningefanyaje? Nikapiga. Wenzetu wakaitikia. Watu wakatoka ukumbini mmoja mmoja, kisha kwa makundi, hata mama lishe na sufuria yake, mpaka ndani akabaki mgeni rasmi na mwandishi wa kumbukumbu. Mtaalamu naye akaja, tai ameitupa begani. Wimbo ulipoisha akamsogelea mke mwenzangu.

"Mama, sauti yako inafaa kabisa. Nafasi naweza kuipata, ila ya mtu mmoja."

"Na wa kuniitikia?"

"Tuna kinanda. Kinapiga ngoma, kinaitikia, kinajua kila kitu."

Ndipo akanitazama. Ningeweza kumwambia, nenda mdogo wangu. Sikusema. Wala isidhaniwe nilikuwa nalinda mila. Kilikuwa kijicho. Mume nilishagawana naye, na Dar es Salaam sikuwa tayari kumwachia yote.

Akangoja kidogo, akamgeukia yule mtaalamu. "Basi mwanangu, kipelekeni hicho kinanda kikaimbe chenyewe, kama kinajua kila kitu."

Vigelegele vikapigwa. Wote tukapewa vyeti vya kuhudhuria, vyenye mhuri.

Kwenye lori la kurudi wenzetu walimsifu njia nzima, kwamba amewakomesha wa Dar. Yeye alikuwa amelipa kisogo kundi, anatazama barabara. Tulipokaribia Lionja akasema, bila kugeuka:

"Neno moja tu kutoka kwako, bi mkubwa, ningekwenda."

Nikamwambia sikutaka kuingilia uamuzi wake.

"Mwongo," akasema.

Nilikuwa mwongo. Akaninunia mpaka Ijumaa, halafu akaja kuomba chumvi kama kawaida. Kijana wa Nachingwea alikwenda na kanda yake. Mke mwenzangu hakuitwa tena popote, na mimi mpaka leo sijamwomba radhi, ingawa tunafagia uwanja mmoja.