Mchaichai wa Nyuma ya Jikoni

Juzi nilikwenda soko la Kitale kununua mboga, kunde na saga basi, kama kila Jumamosi. Kando ya wauza viazi palikuwa na mama mmoja aliyetandika gunia chini na kupanga mafungu ya mchaichai. Sikuwa na haja nayo. Nilikuwa nampita tu, naye kwa ujanja wa kibiashara akavunja jani moja na kulisugua viganjani ili wapita njia wasikie harufu. Nakuambia rafiki yangu, nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina.

"Ni nini, madam? Umeshikwa na kizunguzungu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni jua. Nikanunua fungu, nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka la mbegu, nikalia. Mwanamke mzima, mwalimu wa sekondari, na sijui ni wanafunzi wangu wangapi walionipita hapo wakijifanya hawajaniona.

Usinicheke. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na najua kwa nini harufu humfanyia kiumbe hivyo. Au tuseme najua kwa nini humfanyia nyuki hivyo, maana nyuki ndio niliowasoma kwa mapenzi. Huwa nawaambia wanafunzi wamtazame nyuki kichwani. Zile nyuzi mbili zinazochezacheza, tunazoziita vipapasio, ndizo pua yake. Zimejaa vinyweleo, na vinyweleo vina vitundu vidogo mno ambamo harufu hupenya na kuamsha neva. Neva hupeleka habari kwenye ubongo, ubongo wenyewe mdogo kama mbegu ya simsim, na huko harufu hupangwa kwanza katika vifundo vidogo vidogo: hii huwasha vifundo hivi, ile huwasha vile. Kisha habari hupanda hadi kwenye sehemu mbili zenye umbo la uyoga, na hapo kwenye uyoga ndipo kumbukumbu hukaa. Mpe nyuki harufu pamoja na kitu kitamu mara chache tu, ataikumbuka.

Hapo hakosi mwanafunzi wa kuuliza kama nyuki husahau. Nami hujibu kwamba ndiyo, husahau, hasa harufu mpya ikija kukaa mahali pa ile ya zamani. Swali hilo hulijibu haraka, kisha nafuta ubao.

Sasa twende Endebess. Baba aliendesha trekta katika shamba la mtu, na sisi tuliishi katika nyumba za wafanyakazi, mahindi yakiwa yametuzunguka hadi madirishani. Nilikuwa nimeanza shule tu, na mdogo wangu alikuwa wa kunyonya, hata kutambaa bado. Jioni mama alituogesha kwenye karai, akatushika taya kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akatupaka mafuta kutoka kopo la kijani, ambayo yeye pia alijipaka. Harufu ya mafuta yale nimejaribu kuipa jina nikashindwa. Kulikuwa na ua fulani ndani yake, na chini ya ua kulikuwa na mama mwenyewe: maziwa, moshi wa kuni, jasho la shambani. Ukiniuliza nyumbani kwetu palikuwaje, kabla sijakumbuka ukuta wala mlango nakumbuka harufu hiyo.

Kisha mama akaugua. Hakuna aliyetueleza ugonjwa wenyewe. Enzi hizo mtoto hakuelezwa. Alipelekwa hospitali kubwa mbali, na baba akatuchukua mimi na mdogo wangu mpaka Kamukuywa kwa mamake, Nyanya yetu, akatuacha huko na mfuko wa nguo.

Nyanya alikuwa mjane mwenye mizinga. Hilo lilikuwa jambo la ajabu kidogo pale kijijini. Mizinga ilikuwa ya marehemu babu, magogo yaliyochimbwa ndani na kutundikwa mtini, na mwanamke kwetu hapandi mti. Babu alipofariki watu walimwambia auze. Yeye akaita vijana wakaishusha yote, akaipanga juu ya vigingi nyuma ya jikoni, akaizungushia mchaichai. Jirani mmoja alimtania kwamba amewaoa nyuki. Nyanya akamjibu kuwa angalau hao wanarudi nyumbani jioni.

Siku tuliyofika, kabla ya uji, alitutia kwenye maji ya moto yaliyochemshwa na majani yale, akatusugua mpaka ngozi ikawasha, akatufunga leso zake. Akatunusa shingoni. "Sasa munanuka kama watu wa hapa," akasema. Nguo zetu za Endebess zilifuliwa siku hiyohiyo na kuanikwa juu ya moshi. Nilimwonea hasira. Nilijua amenifua harufu ya mama.

Lakini mtoto ni mtoto. Nilizoea. Nilizoea ugali wa wimbi na mrenda uliotiwa magadi, nikazoea mashine ya kusaga posho ikikohoa huko sokoni tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuokota mavi makavu ya ng'ombe ya kufukizia mizinga, na kujaza maji kwenye kigae chenye mawe ili nyuki wanywe wasizame. Nikimaliza nilichuchumaa kando na kutazama mlango wa mzinga. Palikuwa na walinzi. Kila aliyetua walimpapasa kwa zile nyuzi zao, huyu kichwani, yule mgongoni, na akiwa wa kwao aliingia. Akiwa mgeni walimkamata miguu na kumburuta nje.

"Nyuki hajui sura," Nyanya aliniambia. Mara nyingine alibadilisha r na l kama wengi wa kwetu. "Yeye anajua halufu tu. Hata kama ni ndugu yake wa tumbo moja, akinuka vingine, ni mwizi."

Ndiyo maana mzinga ulipofiwa na malkia na kudhoofika, na Nyanya akataka kuuchanganya na mwingine, hakuwamwaga tu pamoja wauane. Alipondaponda mchaichai ndani ya maji ya asali, akanyunyizia kundi hili na lile, mpaka nyuki wote wakalowa harufu moja. Walipomaliza kulambana walikuwa wamesahau nani alitoka wapi. Nilipofika chuoni nikajua kwamba nyuki wenyewe wana tezi mgongoni itoayo harufu inayokaribiana sana na ya mchaichai, nao huipepea kwa mabawa mlangoni kuwaita wenzao waliopotea. Kwa nyuki, mchaichai ni sauti inayosema rudi nyumbani.

Mama alirudi wakati mdogo wangu ameshaanza kukimbia.

Kwa Nyanya kulikuwa na sheria ya wageni: wapite njia ya mbele, na aliyejipaka kitu cha kunukia asisogelee jikoni. Mama aliijua. Lakini alikuwa ametutamani mno, na njia ya mkato kutoka barabarani ilipita nyuma ya mizinga. Tena alikuwa amemwomba baba amletee hospitalini lile kopo la kijani. Asubuhi ile alijipaka shingo, mikono na uso, akajipaka tena, ili watoto wamjue mara moja.

Nyuki wakamzunguka. Mmoja akamchoma kwenye kope, na unajua, mwiba wa nyuki huacha harufu kama ya ndizi mbivu, nayo huwaita wengine waje wachome hapohapo. Mama alitokea uani anakimbia, kitambaa kimeanguka, nywele zimenyonyoka kwa dawa, jicho linavimba, mikono inapiga hewa. Huyo ndiye aliyeinama mbele ya mdogo wangu na kusema, "Kuja kwa mama."

Mdogo wangu alipiga ukelele ambao sijausahau. Akakimbilia kwa Nyanya, akajificha ndani ya leso. Mama akanyoosha mikono tena. Akapigwa teke.

"Si neno," mama akasema. "Atazoea."

Mimi nilimkumbatia. Chini ya harufu ya hospitali nilikuta ua lile, na chini ya ua nikamkuta yeye, nikakataa kumwachilia. Lakini alikuwa akimtazama mtoto juu ya kichwa changu.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama alimwita na peremende, akamwita na wimbo wake wa Endebess, na mtoto alimwangalia akiwa nyuma ya mguu wa Nyanya kama unavyomwangalia mtu wa chanjo. Mama hakuwa na muda wa kungoja. Mimi sikulijua hilo, ila Nyanya alilijua, kwa sababu asubuhi moja alichemsha maji, akatia mchaichai, akamwita mama nyuma ya jikoni.

"Msichana wangu, toa hiyo mafuta yako," akamwambia. "Osha yote. Huyu mtoto si mbaya. Yeye hajui ni wewe."

"Mama, hii ndiyo kitu yangu tu imebaki."

"Najua. Lakini si unataka akuje kwako?"

Mama aliosha. Alikaa juu ya kigoda, Nyanya akimmwagia kwa kibuyu, na maji yakapita kati ya mawe hadi kwenye mchaichai. Alivaa leso ya Nyanya, akalala kwenye blanketi la Nyanya, akakaa kwenye moshi wa Nyanya. Kopo la kijani alilifunga kifuniko, akaliweka kwenye rafu ya vyombo. "Nitapaka akishanizoea," aliniambia.

Na mtoto akaja. Alasiri moja mama alikuwa anachambua maharagwe, mgongo wake umegeukia mlango, na mdogo wangu akatoka usingizini akitembea kilevilevi, akamwegemea shingoni, akavuta pumzi, akalala tena hapohapo. Mama hakutikisika. Maharagwe yalibaki mapajani mpaka jua likatua, na mama alikuwa akilia huku anacheka, bila sauti, ili asimwamshe. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile. Nyanya alipika ugali mwenyewe na kutuletea pale tulipokuwa.

Tulimzika mama kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa. Kopo hakulifungua tena. Kila siku alisema kesho, asije akamshtua mtoto.

Nyanya naye ameshaondoka. Mizinga ilikuwa imemtangulia: majirani walianza kupulizia mazao yao dawa wakati wa maua, na nyuki wakawa wanafika mlangoni wakizungukazunguka kama walevi, wanashindwa kutambua nyumba yao, wanafia kwenye majani. Mchaichai uling'olewa ukuta ulipojengwa. Tulipokuwa tunatoa vyombo vyake nilikuta kopo la kijani juu ya rafu, rangi imebambuka. Nililipeleka nje mahali pasipo na mtu, nikafungua. Ndani kulikuwa na mbegu za malenge. Nikanusa mbegu, nikanusa kifuniko, nikaingiza pua mpaka ndani. Kulikuwa na kutu tu.

Basi ile Jumamosi, kutoka kwenye kibaraza cha duka la mbegu, sikurudi nyumbani. Nilishuka hadi Bungoma mjini kwa mdogo wangu, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki. Mwezi uliopita mkewe alijifungua msichana, wakampa jina la mama. Tangu siku hiyo hanipi raha. Ananipigia simu usiku na mchana: mama alikuwa anacheka aje, alikuwa anatembea aje. "Wewe ulibaki na kitu," huniambia. "Mimi sina hata moja, dada. Nitaambia huyu mtoto nini?"

Nilikuwa nimepata cha kumpa. Njia nzima nilikuwa nashukuru. Nilijua kwamba kichwani mwake, huko ndani kwenye uyoga, ile alasiri ya maharagwe lazima iwepo, inangoja mlango ufunguliwe.

Nilimkuta ameketi kati ya matairi na mikebe ya oili, binti yake amelala begani. Nikamwambia nimemletea kitu cha mama, afumbe macho. Akacheka, akafumba. Nikavunja jani, nikalisugua, nikamwekea puani.

Nilimwona anavyobadilika. Mabega yalishuka, midomo ikafunguka, akawa mdogo. Akavuta pumzi tena, ndefu, na machozi yakamtoka chini ya kope.

"Kukhu," akasema, akimwita Nyanya kwa lugha yetu. "Wacha, dada. Hii ni Kukhu kabisa. Ninamwona. Amekaa na maharagwe."

Nikamsogezea jani tena.

"Nimelala kwa shingo yake," akasema. "Bana, alikuwa ananipenda huyo mzee."

Shingo hiyo haikuwa ya Nyanya. Nilimtazama alivyokuwa anatabasamu. Alichukua jani mkononi mwangu, akalisogeza taratibu karibu na pua ya mtoto wake.

"Na ile ya mama umeniletea ni gani sasa?" akaniuliza, macho bado yamefumbwa.

"Ni hiyo tu," nikamwambia.