Makasi ya Kasongo

Jumamosi ile nilikuwa nakunja pindo la suruali ya kijana mmoja wa jirani, mwenyeji wa hapa Malvern, Johannesburg, mtu mzima mwenye ndevu zake. Aliijaribu, akajitazama kwenye kioo, akaniita mama, akaenda zake. Jumatatu nilimwona tena mbele ya duka langu, Mtaa wa Jules, na rungu mkononi. Alikuwa amevaa suruali ileile. Pindo lilikuwa limekaa sawasawa, maana mimi nikishona nashona.

Watu hunikataza kuiita vita Jumatatu ile. Wanasema fujo, wanasema vurugu. Mwenyekiti wa wafanyabiashara wetu, Bwana Shomari, muuza masanduku kutoka Dar es Salaam, yeye husema "sintofahamu". Analipenda neno hilo kwa sababu linajaza mdomo. Tulimchagua kwa kuwa alikuwa na suti, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kumtolea ushahidi.

Kasongo hakuwa na suti. Alikuwa Mkongo wa Maniema, zamani sajini jeshini kwao, sasa mlinzi wa usiku kwenye jengo moja la fleti Doornfontein. Mkewe, Mama Neema, alisuka nywele chumba cha pili kutoka kwangu. Fujo za 2015 za kutufukuza sisi wageni zilipopita, Kasongo alichukua mfuko mdogo wa mkewe wa kuwekea vibanio vya nywele, akautundika kwenye msumari nyuma ya duka langu, chini kiasi cha mtu aliyepiga magoti kuufikia. Ulikuwa na zipu moja tu. Ukiivuta, mfuko unalala wazi. Juu kabisa aliweka mikanda miwili ya kubania mguu au mkono unaovuja damu, kila mmoja na kijiti chake cha kuzungushia. Chini yake shashi za kushindilia kwenye kidonda, kisha bandeji pana. Glavu zilikaa kwenye kimfuko cha nje. Mkasi wa kuchania nguo ulining'inia ubavuni kwa uzi.

Wenzetu walitaka plasta na dawa ya kichwa.

"Mwenye kidonda ya plasta aende ku duka ya spaza," Kasongo alisema. "Hii ni ya mwenye anakufa."

Walinuna. Watu wazima na akili zao, wanataka mfuko wa kuokoa roho uwatibu visigino vilivyochubuliwa na viatu vipya.

Alitufundisha kwenye gora la kitambaa changu, akilifunga mkanda kana kwamba ni paja. "Kaza makasi!" alikuwa akisema. "Akilala kimya bila kulia maumivu, bado haujakaza." Jeshini kwao amri zilitolewa kwa Kilingala, na kwa Kilingala makasi ni nguvu.

Shomari, aliyesimama mlangoni mikono mfukoni, alimkatiza. "Makasi, ndugu yangu, ni ya kukatia. Kiswahili kina wenyewe. Sema, kaza barabara."

Watu walicheka. Kasongo naye alicheka. "Sharp, mwalimu. Nguvu, basi."

Mimi ni mtu wa Tanga, na sihitaji Shomari anitetee lugha. Sikucheka. Mtu anakufundisha usife, wewe unamsahihisha maneno! Baadaye mwenyekiti huyohuyo alipokuwa anasafiri kwenda Dar, aliomba mkanda mmoja afungie sanduku lake lililokatika kufuli. Muuza masanduku. Alisema akirudi atauleta. Alirudi, na kila nikimkumbusha alisema, "Kesho, Bi Saumu."

Jumatatu ile ya 2019 wavamizi walianzia kwenye robot ya juu, taa zake zikiwaka nyekundu na kijani bila gari hata moja la kuzitii. Walishuka wakiimba. Kasongo alikuwa ametoka kazini asubuhi, hajalala, Mama Neema amekimbilia shuleni kumchukua mtoto. Alikuja kunisaidia kuvuta geti la chuma.

Jiwe lilipita kabla geti halijafunga.

Kioo kizima cha dirisha kilishuka na kumkata paja.

Tulimburuta hadi uani, mimi na Shomari, ambaye tulimkuta huko amejibanza nyuma ya pipa la maji. Nilirudi nikaegemeza mgongo kwenye mlango wa nyuma. Upande wa pili walikuwa wanavunja mashine yangu. Naisikia hadi leo.

"Mfuko," Kasongo alisema.

Shomari aliutoa msumarini. Zipu ikafunguka, mkanda ukawa pale juu, ulipopangwa. Akauvalisha juu ya kidonda, akaanza kuzungusha kijiti. Damu iliyokuwa inaruka ikawa inachuruzika.

Kasongo alipiga ukelele wa maumivu.

"Makasi!" alisema. "Makasi! Makasi!"

Shomari aliacha kijiti, akashika mkasi.

"Si mkasi!" nilipiga kelele. "Kaza! Anasema ukaze!"

Akaukata mkanda.

Mkanda wa pili ulikuwa nyumbani kwake, umefungwa kwenye sanduku.

Niliuacha mlango, waingie wakitaka. Nilishindilia shashi zote, nikazipigia goti, nikafunga paja kwa kipande cha kanga na kuzungusha kwa mkasi uleule. Ilishika. Lakini uani palikuwa pameloa hadi kwenye ukuta, na Kasongo alikuwa amepauka midomo.

Hakuna aliyeingia. Walikuwa wamehamia duka la friji.

Jirani mmoja alitutoa kwa bakkie, pikapu yake, kuelekea hospitali. Tulizunguka matairi yaliyokuwa yanaungua, tukarudishwa njia mara nyingi. Tulipofika Bertrams, mkono wa Kasongo ulilegea katika wangu.

Kwenye mazishi, Shomari alivaa suti. Alizungumza kwa ufasaha kuhusu sintofahamu iliyotupata. Kisha akasema, "Marehemu mwenyewe, kwa kuzidiwa na maumivu, aliniomba mkasi. Nami nikatii." Watu walisikitika kwa pamoja. Wengine walimpa pole yeye.

Baada ya siku chache Mama Neema alikuja dukani. Nilikuwa naokota vifungo katikati ya vioo.

"Mama Saumu, we ulikuwa pale. Bwana yangu aliomba mkasi?"

"Alisema makasi."

Alikaa juu ya gora la kitambaa lililobaki. Alilirudia neno hilo polepole, kwa matamshi ya mumewe.

"Na huyu mwenyekiti anajuaka?"

"Anajua. Alimsahihisha hapahapa."

Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Basi hakuomba kitu," alisema. "Alitoa amri."

Tangu hapo anayefundisha kufunga mkanda ni yeye, na neno hilo ndilo la kwanza kutaja. Shomari bado ni mwenyekiti. Kijana wa suruali naye alirudi na nyingine ya kukunjwa, akaniita mama kama kawaida yake. Nilimwambia mashine yangu anajua ilipo.

Miezi ilipita. Siku moja Shomari alikuja na kitu ndani ya mfuko wa plastiki, akamkabidhi Mama Neema mbele yangu. "Hii nilikuwa nimeisahau," alisema. Ulikuwa mkanda wa pili. Alikuwa ameufua na kuukunja vizuri.

Mama Neema aliufungua, akazungusha kijiti mara moja kuona kama bado kinafanya kazi. Kilikuwa kizima. Akaukunja, akauweka kwenye mfuko wa Kasongo, juu kabisa, akavuta zipu.